Chuma Chenye Kiu

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, Hyasinta alikuwa amekwisha kurudi kutoka chemchemini na ndoo kichwani. Alikuwa msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Maji aliyoleta yalikuwa na mgawo wake: ya kupikia, ya kunywa, ya zahanati ya mama yake, na kopo moja kubwa kwa ajili ya chuma.

Ndiyo, chuma. Msicheke kwanza. Nyuma ya nyumba yao, karibu na ukuta wa jiko, palikuwa na fimbo ya chuma iliyokitwa ardhini mpaka ikabaki shingo tu. Kutoka kwenye shingo hiyo waya ulipanda ukutani, ukapita dirishani na kuingia katika sanduku jeusi la simu lililokuwa sebuleni. Miaka ile ya mwanzo ya themanini simu haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Kijiji chao, cha mwisho kabisa juu ya Ganako kabla msitu wa Ngorongoro haujaanza, kilikuwa na simu moja tu. Ilikaa nyumbani kwa Mama Marsela, mama yake Hyasinta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nesi na mkunga wa zahanati iliyopakana na nyumba hiyo. Ukitaka kuzungumza ulizungusha mkono wa sanduku mpaka kengele ikalia posta ya Karatu mjini, kisha opereta wa huko akakuunganisha na unayemtaka.

Fundi aliyeifunga, Bwana Josephati, alikuwa ameeleza kwa subira siku ile ya kwanza.

"Simu hii ina waya mmoja tu juu ya nguzo," alisema. "Maneno yanakwenda kwa waya, lakini yanarudi kwa ardhi. Ardhi yenyewe ndiyo waya wa pili. Sasa sikilizeni: udongo wenye unyevu unapitisha, udongo mkavu unakataa. Kiangazi kikiingia, kinywesheni hiki chuma kila siku kama ng'ombe."

Kazi hiyo alipewa Hyasinta, naye mwanzoni aliifanya kwa fahari kubwa. Nani mwingine kijijini alikuwa na chuma kinachokunywa maji?

Lakini mwaka ule mvua za vuli zilikataa kunyesha. Chemchemi ikawa inachuruza kidogo kidogo, na foleni ya ndoo ikawa ndefu mpaka Hyasinta akaanza kuchelewa shule. Baba yake, Tluway, aliswaga ng'ombe kwenda kutafuta malisho upande wa Mbulu. Alimwacha nyuma ndama mmoja aliyekuwa ameachishwa ziwa lakini hana nguvu za kutembea safari. Aliitwa Doa, kwa ajili ya alama nyeupe kwenye paji la uso wake.

"Huyu ninakuachia wewe," baba alimwambia Hyasinta. "Akipona, ni wako."

Basi fikirini wenyewe. Ndama wako analia kwa kiu, ulimi umemkauka, na wewe umesimama mbele yake na kopo la maji ya kumwagia chuma. Kwenye foleni ya chemchemini wanawake walikuwa wakinong'ona kwamba kumwaga maji ardhini wakati mifugo inakufa ni kumchokoza Mungu. Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Evarista, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa hodari wa utani.

"Hyasinta," aliuliza mbele ya darasa zima, "chuma chako kimeota?"

Darasa liliangua kicheko. Tangu siku hiyo kila aliyepita karibu naye aliuliza habari za chuma: kimeota, kimechanua, kitavunwa lini? Hyasinta alicheka pamoja nao kwa nje, lakini ndani alikuwa akiungua.

Asubuhi moja alimpa Doa nusu ya maji ya chuma. Asubuhi iliyofuata alimpa yote.

"Umenywesha chuma?" mama aliuliza kutoka zahanati, kama alivyouliza kila siku.

"Nimenywesha, mama."

Uongo wa kwanza ulimkwama kooni. Wa pili ulipita. Baada ya hapo ulikuwa ukitoka wenyewe bila kuitwa, kama vile mtu anavyoitikia salamu. Na simu ilikuwa ikisema vizuri tu, kwa hiyo Hyasinta akajiambia kwamba labda fundi alizidisha chumvi.

Ndipo Naeku alipokuja.

Naeku alikuwa mama kijana wa Kimasai kutoka Nainokanoka, ng'ambo ya msitu, na tumbo lake lilikuwa kubwa. Aliletwa na mama yake mzazi, Nanyori, mwanamke mrefu mwenye shanga masikioni na macho yasiyopepesa. Walikuwa wameshuka kwa miguu, kisha wakapata lori. Mtoto wa kwanza wa Naeku alifia tumboni kwa sababu ya kuchelewa njiani, na Naeku mwenyewe aliponea chupuchupu. Safari hii daktari wa hospitali ya mjini alikuwa amesema wazi kwamba lazima apasuliwe. Lakini wodi ilikuwa imejaa, akina mama wanalala sakafuni. Wakakubaliana kwamba asubiri hapa zahanati, na uchungu ukianza tu, Mama Marsela apige simu, Landrova ya hospitali ije kumchukua.

"Unaiona ile simu?" Mama Marsela alimwambia Nanyori. "Hiyo ndiyo miguu ya mwanao."

Nanyori aliitazama kwa mashaka. "Hii kitu haina miguu," alisema. "Lakini wewe mama nesi ukisema, mimi nakubali."

Hyasinta alikuwa mlangoni amebeba sahani ya uji, na maneno hayo yalimpenya kama mwiba. Akaapa moyoni kwamba kesho atanywesha chuma. Kesho ilipofika, Doa hakuweza kuinuka mpaka alipopewa maji yote. Akaapa tena. Mnajua wenyewe kiapo cha moyoni kinavyokuwa, hakina shahidi.

Siku chache baadaye Mama Marsela alizungusha simu kuulizia kama kuna nafasi hospitalini. Sauti ya opereta ilikuja ikiwa mbali, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kesho yake haikuja kabisa. Katika kile chombo cha kusikilizia kulikuwa na mkwaruzo tu, kama wa mahindi yanayokaangwa.

"Haloo! Haloo, Karatu!" mama alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Aliweka chombo chini polepole. Hyasinta hakuwahi kumwona mama yake akiogopa, na siku hiyo alimwona.

Mama alituma ujumbe kwa dereva wa lori lililokuwa likienda mjini, na Jumamosi asubuhi kengele ya baiskeli ililia njiani. Bwana Josephati alikuwa anakuja.

Hyasinta aliisikia kengele hiyo akiwa anafagia uwanja. Alitupa ufagio, akachota kikombe kimoja cha maji ndooni, akakimbia nyuma ya jiko na kukimwaga juu ya chuma. Udongo ukabadilika rangi, ukawa mweusi na kung'aa. Chini ya ngozi hiyo nyembamba ulikuwa mkavu kama majivu, lakini nani angejua?

"Shikamoo, mjomba," alisema fundi alipoegesha baiskeli.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

Mgonjwa aliyemaanisha ni simu. Josephati alikuwa mtu wa utaratibu, na Hyasinta alimfuata nyuma kila alikokwenda. Kwanza alifungua sanduku, akatoa mawe ya betri na kuyapima kwa taa ndogo. Taa iliwaka. "Betri nzima," alisema. Kisha akakagua nyaya za ndani, akakaza misumari, akafuta vumbi. "Ndani kuko sawa." Akatoka nje, akapanda nguzo ya kwanza kwa viatu vyake vya meno ya chuma, akatazama kikombe cheupe kilichoshikilia waya. "Hapa pazuri." Mwisho akazunguka nyuma ya jiko.

Alichuchumaa, akaugusa udongo kwa kidole. Kidole kikarudi na tope.

"Nani anaangalia hapa?"

"Mimi," Hyasinta alisema.

"Unanywesha kila siku? Nambie kweli. Maana kama si hapa, ni kule juu, na kule juu sipapendi."

Huo ndio ulikuwa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua alikuwa anasubiri. Lakini mama alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, na Nanyori nyuma yake.

"Kila siku, mjomba," Hyasinta alisema.

Josephati akasimama na kukung'uta magoti. "Basi ni huko msituni. Laini hii inaendelea mpaka kituo cha walinzi wa msitu. Tawi likiegemea waya, maneno yote yanashukia kwenye mti, hayafiki mjini. Nitafuata nguzo moja moja."

"Fundi, wiki hii nyati wameshuka kutafuta maji," Mama Marsela alisema. "Majirani wamewaona."

"Nitafanyaje, mama? Mtoto amesema ardhi imenyweshwa." Alisema hivyo bila ubaya wowote, akafunga viatu vyake kwenye baiskeli na kuanza kupanda njia ya msituni. Hyasinta alimtazama mpaka shati lake la kaki lilipomezwa na miti. Alitaka kumwita, lakini akarudi kuokota ufagio.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Hyasinta ilikatika mchana wa siku hiyo hiyo. Alikuwa anachambua maharage jikoni aliposikia mlio kutoka zahanati. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio wa mtu anayejizuia.

Mama alipita mbio. Baada ya muda mfupi akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye simu, akazungusha. Akasikiliza. Akazungusha tena, kwa nguvu, mpaka sanduku likatikisika ukutani.

"Karatu! Haloo, Karatu! Zahanati hapa!"

Mahindi yalikuwa yakikaangwa tu.

"Uchungu?" Nanyori aliuliza kutoka mlangoni.

"Umeanza. Mapema kuliko tulivyotegemea."

"Na hii kitu? Imekufa?"

Mama Marsela alirudi kwenye mkono wa sanduku. Alizungusha tena. Nanyori akageuka, akamrudia binti yake, na Hyasinta akamsikia Naeku akiita, "Yeyo! Yeyo!" yaani mama, mama, kwa lugha yao. Siku ile hakukuwa na gari wala lori kijijini. Kwenda mjini kwa miguu ni mwendo mrefu, na kumbeba Naeku kwa machela katika makorongo ya njiani ndiko kulikomuua mtoto wa kwanza.

Hyasinta alijua la kufanya. Akili yake ilikimbia haraka: achukue ndoo ya maji, aende nyuma ya jiko kimya kimya, amwage yote, na simu itapona yenyewe. Watu watasema ni fundi aliyeitengeneza huko msituni, na hakuna atakayejua. Aliingia zahanati kwa kunyata na kuishika ndoo.

"Weka hapo!" Mama alikuwa nyuma yake. "Hayo ni maji ya Naeku. Hatuna mengine. Unayapeleka wapi?"

Hyasinta aliishika ndoo kwa mikono yote miwili. Angeweza kusema anataka kunywa, au kuosha sufuria. Uongo ulikuwa umejipanga ulimini kama kawaida yake, tayari kutoka. Kisha Naeku akalia tena ng'ambo ya ukuta.

"Kwenye chuma," alisema. "Mama, sijakinywesha. Siku nyingi. Maji nilikuwa nampa Doa. Leo nilimwaga kikombe kimoja tu fundi alipokuja, ili aone tope. Ardhi ni kavu, mama. Simu ni nzima. Mimi ndiye niliyeiua."

Mama Marsela alimtazama. Mkono wake uliinuka kidogo, na Hyasinta akafumba macho akisubiri kofi. Kofi halikuja.

"Tutaongea baadaye," mama alisema kwa sauti ya chini. "Acha hiyo ndoo. Leta beseni la kunawia lililo chini ya meza. Leta na maji ya vyombo vya jana. Na lile karai nililoloweka mashuka. Mbio!"

"Lakini ni machafu, mama. Yana sabuni."

"Mbio, nimesema!"

Hyasinta alikimbia. Akamwaga beseni la kunawia, udongo ukalinywa lote na kutoa povu. Akamwaga maji ya vyombo. Akaburuta karai la mashuka, maji yakimrukia miguuni. Ndani mama alizungusha simu. "Bado!" alipaza sauti dirishani.

Maji yalikuwa yanatawanyika juu juu, hayashuki. Hyasinta alichukua jembe, akachimba kuzunguka chuma mpaka kikatokea kishimo, na alivyozidi kuchimba ndivyo udongo ulivyozidi kuwa mkavu, ukitimka vumbi jembe linapogusa. Mbona aliuacha ukauka hivi? Akakamua shuka moja moja juu ya kishimo. Nanyori alitoka nje, akasimama kumtazama.

"Unanywesha chuma?"

"Ndiyo, mama. Kina kiu. Kosa ni langu."

Nanyori hakuuliza zaidi. Mfugaji anaelewa neno kiu. Alipiga magoti pembeni yake, akaanza kukamua mashuka kwa mikono yake yenye nguvu, na kutoka katika kila shuka lililokwisha kukamuliwa alipata maji mengine.

"Nasikia kitu!" mama aliita. "Kwa mbali! Ongezeni!"

Hakukuwa na cha kuongeza. Karai lilikuwa tupu, beseni lilikuwa tupu. Hyasinta aligeuka huku na huku, na macho yake yakaangukia zizini. Huko, mbele ya Doa, kulikuwa na ndoo kuukuu yenye maji ya asubuhi, nusu yake ikiwa imebaki. Ndama alikuwa ameingiza pua humo, anakunywa taratibu.

Hyasinta alikwenda, akaivuta ndoo. Doa akaifuata, akalia. Alimlilia kama mtoto anayenyang'anywa titi. Hyasinta naye alikuwa akilia, machozi yakimwingia mdomoni, lakini hakusimama. Alimimina maji yote katika kishimo, polepole, ili yashuke mpaka chini kwenye ncha ya chuma.

Ndani simu ilizungushwa. Pakawa kimya. Halafu akamsikia mama yake akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayezungumza na mtu:

"Karatu? Ndiyo, ni mimi. Niunganishe na hospitali. Haraka, mwanangu, nakuomba."

Hyasinta alikaa chini kwenye tope na kushika kichwa.

Landrova ilikuja ikitimua vumbi. Naeku alipakiwa akiwa amemkumbatia mama yake shingoni, na Mama Marsela akaingia nyuma pamoja nao. Kabla mlango haujafungwa alimwita Hyasinta.

"Bado kuna mtu msituni," alisema. "Alikwenda kwa neno lako. Atakaporudi, utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea. Na usithubutu kumfuata huko."

Gari likaondoka. Nyumba ikabaki na Hyasinta, Doa, na sanduku jeusi ukutani.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Alikwenda chemchemini, akapanga foleni, akarudi, akamnywesha Doa. Kisha akaenda mpaka mwisho wa shamba lao, pale mahindi makavu yanapoishia na miti inapoanza. "Mjomba Josephatiiii!" aliita. Msitu haukujibu. Akaita tena mpaka sauti ikakauka. Alimfikiria fundi kule ndani, akipanda nguzo moja baada ya nyingine, akitafuta tawi ambalo halikuwepo. Alifikiria nyati. Alifikiria pia watoto wa Bwana Josephati, maana alijua kwamba anao, na wazo hilo lilimchoma kuliko yote.

Jua lilikuwa limeegemea sana fundi alipotokea. Alikuwa anatembea kwa kuchechemea, suruali imechanika gotini, na baiskeli ameibeba begani. Gurudumu la mbele lilikuwa limepindika kama chapati iliyokunjwa.

"Pole, mjomba!" Hyasinta alimkimbilia.

"Pole nimepata," Josephati alisema na kuketi kizingitini kwa kishindo. "Nyati dume. Nilikuwa juu ya nguzo ya mwisho, namshukuru Mungu. Alipoona hanifikii, hasira zake zote akazimalizia kwenye baiskeli. Kisha akalala chini ya nguzo, mtoto wangu! Akalala kabisa! Mchana kutwa nimekaa juu kama kunguru. Na tawi lenyewe sikuliona. Laini yote ni safi."

Hyasinta alipiga magoti mbele yake. Safari hii hakungoja maneno yajipange.

"Hakuna tawi, mjomba. Nilikudanganya. Chuma sikukinywesha, maji nilimpa ndama. Lile tope lilikuwa la kikombe kimoja. Ulikwenda bure kwa sababu yangu."

Uso wa Josephati ulikuwa mwekundu kwa vumbi, na Hyasinta aliona taya zake zikisaga.

"Nina hasira na wewe," alisema mwishowe. "Sitaficha. Ungekuwa mwanangu leo usingelala bila fimbo. Unajua kwa nini sikuufukua ule udongo? Jembe lilikuwa pale pale. Sikufukua kwa sababu uliniambia 'kila siku', nikakuamini. Fundi hawezi kufukua kila kitu, Hyasinta. Mahali pengine anauliza, na akijibiwa anakwenda."

"Nisamehe, mjomba."

Kabla hajajibu, simu ililia. Kengele yake ilikuwa kali na safi, hata Doa aliinua masikio zizini. Josephati aliinuka kwa desturi, akasita, akarudi kuketi.

"Pokea wewe," alisema. "Mimi mguu unaniuma."

Hyasinta aliweka chombo sikioni. Sauti ya mama yake ilikuja karibu kabisa, kana kwamba amesimama chumbani.

"Hyasinta? Fundi amerudi?"

"Amerudi, mama. Mzima. Nimemwambia."

Upande wa pili palisikika pumzi ndefu. "Asante Mungu. Sasa sikiliza. Ni mtoto wa kike. Wote wawili wazima. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu, tungezika." Kisha kwa mbali Hyasinta akasikia kilio chembamba cha kichanga, kikipita kwenye waya juu ya nguzo zote zile na kurudi chini kwa chini katika ardhi. Akakigeuza chombo ili Josephati naye asikie. Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza, na hasira yake ikamtoka kidogo kidogo.

Mama Marsela alirudi kesho yake. Hakuzungumza mpaka alipokwisha kula. Ndipo akamwita Hyasinta, wakaenda pamoja nyuma ya jiko, akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Kumhurumia Doa si kosa," alianza. "Hata mimi ningemhurumia. Lakini unakumbuka jana nilikutuma maji gani?"

"Ya kunawia. Ya vyombo. Ya mashuka."

"Ulishangaa, ukasema ni machafu. Mwanangu, ndama hawezi kunywa maji ya sabuni. Chuma kinaweza. Chuma hakichagui maji. Siku ile ya kwanza ungenijia ukasema, 'Mama, maji hayatoshi, Doa ana kiu,' ningekuonyesha lile beseni. Doa angekunywa, chuma kingekunywa, fundi angebaki na baiskeli yake, na Naeku asingelia vile. Dawa ilikuwa chini ya meza wakati wote. Nilishindwa kukupa kwa sababu hukuniambia unaumwa wapi."

Hyasinta aliinamisha uso.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama aliendelea. "Mimi nesi naliona jambo hilo kila siku. Mtu anaulizwa anaumwa nini, anaona aibu, anataja kichwa wakati kidonda kiko mguuni. Nampa dawa ya kichwa, kidonda kinaoza. Anayekudanganya anakunyima nafasi ya kumsaidia, na wewe ulitunyima sote. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hiyo haina aibu. Na ukikosea, sema mapema, wakati kusema bado kunafaa. Jana ulisema ukiwa umechelewa, lakini ulisema, na kwa hilo kuna mtoto anayepumua."

Likizo iliyofuata Hyasinta aliimaliza katika uwanja wa Bwana Josephati mjini, akimsaidia mkewe kuteka maji na kupalilia bustani, mpaka gurudumu jipya lilipopatikana. Hakuna aliyemlazimisha. Aliomba mwenyewe.

Mvua zilipokuja hatimaye, Naeku na Nanyori walipita kijijini wakiwa njiani kurudi Nainokanoka, baada ya Naeku kupona mshono. Watoto walikuwa wanatoka shule, na Evarista alikuwa mbele yao kama kawaida. Alimwona Hyasinta akiwa nyuma ya jiko na beseni la maji ya vyombo mkononi, maana hata mvua ikinyesha hakutaka kubahatisha.

"Hyasinta!" aliita. "Vipi, chuma chako kimeota?"

Wenzake wakaanza kucheka. Hyasinta alimimina maji mpaka tone la mwisho, akalitua beseni, akamwendea Naeku aliyekuwa ameketi barazani. Akapokea kichanga kile kilichoviringwa shuka jekundu, akakigeuza ili Evarista akione vizuri usoni.

"Kimeota," alisema. "Huyu hapa."